Obunga: Kuta za Bati na Upepo wa Ziwa

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Kisumu hukata zaidi ya kilomita 800, na sehemu kubwa ya safari hiyo huandamana na ile reli ya zamani iliyofika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo. Wengi katika sisi watu wa Pwani huufahamu mji huo kwa Msikiti wa Jamia, kwa soko la Kibuye, na kwa ngege anayeliwa kando ya maji huko Dunga. Obunga hawaifahamu, wala mgeni hapelekwi kutembezwa huko. Sisi tulipelekwa na udugu: binti wa ndugu yetu ameolewa na kijana wa Kisumu, nao wamepanga huko pamoja na watoto wao watatu. Tulikaa kwao siku nne, mwezi wa Machi, masika yakiwa mlangoni.

Obunga iko kaskazini ya kitovu cha mji, jirani na Kondele, na ndani yake mna vitongoji kama Sega Sega na Kasarani. Kinachompokea mgeni kabla ya mtu yeyote ni harufu ya samaki wa kukaanga. Viwanda vya Kisumu huchuna minofu ya mbuta na kuipeleka ng'ambo. Kinachosalia ni kichwa, uti na mkia, na hicho ndicho kiitwacho mgongo wazi. Akina mama wa Obunga hununua masalio hayo, huyaanika kidogo juani, huyatia katika karai la mafuta yanayochemka, kisha huyauza kwa watu ambao mnofu wa samaki huyo huyo umewapita kimo. Mbuta mwenyewe si mzaliwa wa ziwa hili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, akala wenzake na akageuza maisha ya pwani zote tatu za ziwa, ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania. Binti yetu naye ana karai lake. "Ami," alituambia, "mnofu huenda kwa Wazungu, sisi hubaki na mgongo. Lakini mgongo huu ndio unaolipa karo."

Nyumba za huko ni za namna mbili. Kuna za udongo wa kukandika, ambazo mtu wa Pwani atazitambua mara moja isipokuwa kwamba juu yake hakuna makuti, na kuna za bati kuanzia paa hadi chini. Nyingi ni vyumba vilivyopangwa mstari mmoja chini ya paa moja, mlango kwa mlango, kila chumba na mpangaji wake. Bati hili la mikunjo tunaloliona kuwa alama ya umaskini lilikuwa maajabu lilipozuka. Lilibuniwa na mhandisi Henry Robinson Palmer huko London mwaka 1829, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukichovya chuma katika zinki ili kisishike kutu upesi. Leo mabati mengi ya nchi yetu hutoka kwetu wenyewe, Mariakani, kaunti ya Kilifi. Huenda lile lililotukinga na mvua Obunga lilisafiri njia ile ile tuliyosafiri sisi.

Chumba cha binti yetu ni cha mwisho katika mstari, upande unaoelekea ziwani. Nani angekichagua? Ndicho kilichokuwa kitupu, na kodi yake ni nafuu. Mchana, nchi kavu inapopata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Unapofika kwenye genge la Nandi hupanda juu, na alasiri wingu hujikusanya na radi ikaanza. Kwa hiyo ukuta ule hupigwa na upepo karibu kila siku. Mabati manne yalikuwa yamelegea. Upepo ulipokuja yalipiga makofi usiku kucha kama watu walio ngomani, na mtoto mdogo, ambaye hulala upande ule, hakupata usingizi ila kwa kuchoka. Katikati palikuwa na upenyo wa kupita mkono. Wanawake wasomao maneno haya wataelewa, bila sisi kurefusha, maana ya mwanamke kuvua buibui lake ndani ya chumba ambacho mpita njia anaweza kuona ndani. Binti yetu alikuwa ameziba kwa leso na kadibodi. Leso ikinyesha mvua huning'inia. Kadibodi huwa uji.

Mumewe hufanya kazi ya kupakia magari na hurudi usiku. Alikuwa amekwisha kugongomea misumari mipya mara tatu, na kila mara ilitoka baada ya wiki chache. Tukasema aitwe fundi. Akaja kijana wa mtaa ule ule, mpole na mwenye maneno machache, naye hakugusa nyundo kwa muda mrefu. Kwanza alitoa testa, akaijaribu kwenye bati. Waya wa umeme wa jirani ulipita ukutani pale, umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na mahali pamoja ngozi yake ilikuwa imechubuka. Akaenda mwenyewe kwa jirani, umeme ukazimwa, waya ukasogezwa na kufungwa juu ya kipande cha ubao mbali na bati. Tunalitaja hili mbele ya mengine kwa sababu ukuta wa bati ulioshika umeme humuua mtoto anayeuegemea, na nyumba za namna hii ziko Likoni na Kisauni pia, si Obunga peke yake.

Baada ya hapo aligonga bati kwa kifundo cha kidole, kutoka juu hadi chini, akisikiliza. Palipokuwa na ubao mzima palilia, palipooza palinyamaza. Akachukua msumari mmoja akausukuma kwa dole gumba, ukazama. "Mzee," akatuambia, "bati halina ugonjwa. Kilichokufa ni mbao." Neno hilo lilitukaa moyoni, kwa kuwa kwetu mambo ni kinyume. Chumvi ya bahari hulila bati la Pwani hata likawa kama chujio huku boriti ya mkoko ikingali ngumu. Maji ya ziwa hayana chumvi. Bati huishi, bali mkalatusi wa bei nafuu, uliozikwa katika udongo wa maji, huoza au huliwa na mchwa ndani ya miaka michache.

Na kwa nini uliooza kwanza ni upande ule? Alituonyesha. Miaka yote ardhi ya nje ilikuwa imeinuka kidogo kidogo kwa majivu ya majiko, taka na udongo unaoletwa na mvua, hata ncha ya chini ya bati ikazikwa karibu shubiri nzima. Maji yaliyotoka paani yalitua pale pale, yakarukia ukutani, yakakaa nyuma ya bati. Jua nalo lina sehemu yake. Bati la chuma la urefu wa mita mbili na nusu likipata joto la nyuzi 30 zaidi ya lile la usiku, hurefuka karibu milimita moja, jioni hurudi. Milimita moja si kitu, lakini ikivutana na msumari kila siku, tundu hupanuka. Msumari mmoja ukilegea, mzigo wake huenda kwa jirani yake, na upepo ukishapata mahali pa kuingiza ukucha hauachi. Ndiyo maana msumari mkubwa zaidi katika tundu lile lile hausaidii kitu: unalipasua zaidi pori la mbao lililokwisha kufa.

Mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Sisi tulipewa kushika ngazi. Misumari iling'olewa kwa nyundo ya makucha, kipande cha ubao kikiwekwa chini yake ili bati lisipondeke. Mabati yakalazwa chini, watoto wakafukuzwa hadi kwa jirani, maana ukingo wa bati hukata kama wembe na kidonda cha chuma kichafu huogopewa kwa pepopunda. Nguzo mbili na fito tano zikabadilishwa. Miguu ya nguzo mpya ilipakwa oili chafu ya gari, mara mbili, ikaachwa inywe. Nguzo ziliposimama alizipima kwa timazi, jiwe dogo lililofungwa uzi, naye hakuridhika mpaka uzi ukatulia.

Kurudisha mabati kulianza upande wa mbali na ziwa kuja upande wa ziwa. Tuliuliza sababu. Bati la mwisho kuwekwa, ambalo liko upande wa upepo, hulalia lile la nyuma yake, hivyo upepo hupita juu ya kiungo bila kukifunua. Ukigeuza mpango huo upepo hupata mdomo wa kuingilia. Kila bati lililalia mwenzake kwa mkunjo mmoja na nusu. Tena kuna jambo ambalo hatukulijua kwa miaka yetu yote ya kuishi chini ya mabati: msumari wa paa hupigwa juu ya mgongo wa mkunjo, kwa sababu maji hupita bondeni, lakini wa ukutani waweza kupigwa bondeni, pale bati linapougusa ubao, ili lisicheze. Chini ya kofia ya kila msumari aliweka kipande cha mpira kilichokatwa kwenye ndara kuukuu. Matundu ya zamani yalizibwa kwa lami. Mwisho ncha ya chini iliachwa juu ya ardhi kiasi cha shubiri, na nafasi ile ikajengwa kwa mawe na saruji kidogo, na mbele yake mkachimbwa mfereji wa kupeleka maji ya paani njiani. Kwa maoni yetu mfereji ule ndio uliokuwa nusu ya kazi, ingawa ulichukua muda mfupi kuliko yote na jembe lilikuwa la kuazima.

Tulipowasimulia jamaa zetu walioko Marekani, mmoja alicheka. Huko, alisema, kuna watu wenye nyumba za magurudumu, zinazovutwa na gari kwa matembezi, na nyingi zimejengwa vivyo hivyo: bamba jembamba la aluminiamu juu ya fremu ya mbao. Nazo hulegea, na wenyewe huongeza skurubu, kumbe maji yameingia pembeni juu kwenye kiungo kilichopasuka na mbao ya ndani imekuwa sifongo. Mwenye nyumba ya kutembelea na mwenye chumba cha kupanga Obunga hawafanani kwa lolote, ila dawa yao ni moja: fungua, tafuta maji yanakoingilia, badilisha mbao, ndipo ufunge.

Limebaki suala la fedha, nalo ndilo lililomkosesha binti yetu raha kuliko upepo. Mabati mawili mapya, mbao, misumari, saruji na ujira wa siku moja zilifika shilingi 5,200. Kodi ni 3,000 kwa mwezi. Mwenye ploti haishi Kisumu. Hutuma wakala tarehe ya kwanza, na wakala alikuwa amesema mara mbili kwamba anayelalamika na ahame. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu Pwani, matengenezo ya nyumba iliyokodishwa ni juu ya mwenye nyumba. Asipoyafanya, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 65, nayo inamweka mwenye jengo katika dhamana ya paa na kuta za nje pale mtu anapopanga sehemu tu ya jengo. Lakini mama mwenye watoto watatu na karai la samaki afanye nini na hiari ya kuhama wakati wateja wake wote wako pale pale?

Tulimshauri jambo dogo. Kabla fundi hajang'oa msumari wa kwanza, mumewe alimpigia wakala simu, jirani wawili wakisikiliza, akamweleza hali ya ukuta na gharama. Kisha picha za mbao zilizooza na risiti za duka zikatumwa kwa simu ile ile. Ukitengeneza kwanza ukadai baadaye, utaambiwa ulijipambia chumba chako. Wakala alikuja tarehe ya kwanza, akausukuma ukuta kwa bega, akazunguka nyuma na kuutazama mfereji. Alikubali kukata vifaa katika kodi ya miezi miwili, shilingi 4,000, akaandika katika daftari na kutia sahihi. Ujira wa fundi, 1,200, alikataa katakata. Binti yetu ameulipa kwa samaki wa wiki moja, na ametuarifu kwamba wapangaji wa vyumba viwili vya jirani wamekwisha kumwita fundi yule, safari hii wakala akiwa amepigiwa simu mapema.