Vyombo vya Jikoni

Bumu lilipotoka muhula uliopita, kitu cha kwanza nilichonunua hakikuwa simu. Nilinunua kichungio na pipa la plastiki la lita 60, lililokuwa la mafuta ya kula. Mama aliniagiza, maana pipa lake lilipasuka.

Mama anapika pombe ya mtama jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Mtama unalowekwa, unaota, unaanikwa, unasagwa. Hicho ndicho kimea. Kikiingia kwenye uji wa vuguvugu kinageuza wanga kuwa sukari, halafu chachu inageuza sukari kuwa pombe. Sekondari tulifundishwa haya kwenye Kemia nami nikakaa kimya, wakati nyumbani niliyaona kila wiki.

Stendi ya Dodoma karani wa mizigo akaniuliza, "Ndani kuna nini, dada?" Nyuma yangu walisimama wenzangu wa darasani. Nikasema, "Vyombo vya jikoni." Akaandika hivyohivyo kwenye risiti.

Kesho yake mama akapiga simu kutoka Maganzo, basi la Mwanza lilikoushusha mzigo.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba, mwalimu. Pipa limefika. Ila hapa wameandika vyombo vya jikoni. Ni wewe uliyewaambia?"

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza kidogo. "Sawa. Hata ada yako ilitoka jikoni humohumo."

Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

Karibuni naenda mazoezi ya kufundisha, Kemia. Tukifika kwenye uchachushaji, mfano wangu wa kwanza utakuwa pipa la mama, na nitasema ni la nani.