Gari Limeharibika au Limeharibiwa?



Kila mwaka ninafundisha tofauti ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Lakini ni gari langu lililonifunza uzito wake.

Siku mbili baada ya kutengenezewa kiyoyozi, nilikuwa nikirudi Kampala kutoka Entebbe. Hadi Kajjansi, mwendo ulipokuwa mzuri, mshale wa joto ulitulia. Nilipofika Kibuye na kunaswa katika foleni, ukaanza kupanda. Nilizima kiyoyozi, nikawasha hita ili iondoe sehemu ya joto la injini, kisha nikaegesha pembeni na kuzima gari. Ningeendelea na safari, silinda hedi ingeweza kupinda, na gharama yake si ya mshahara wa mwalimu. Kifuniko cha rejeta sikukigusa. Nawe usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto: maji yaliyomo yana shinikizo kubwa, nayo yatakurukia na kukuunguza.

Nilimpigia simu fundi, nikamwambia kwa hasira, "Fundi, gari langu limeharibiwa."

"Limeharibiwa na nani, Mwalimu?" akauliza. Alijifunzia kazi Nairobi, na Kiswahili chake kina makali.

Swali hilo lilininyamazisha. "Limeharibika" hueleza hali. "Limeharibiwa" humtafuta mtendaji. Nami nilikuwa nimekwisha kumhukumu mtu kwa ushahidi mmoja tu, kwamba tatizo lilikuja baada ya kazi yake. Kutangulia si kusababisha. Huenda rejeta ilikuwa imeziba, pampu ya maji imechakaa, au thamostati imekwama.

Kesho yake, gereji, tulianza na dalili. Gari linalopoa likienda kasi na kupata joto kwenye foleni hutuelekeza kwenye feni, kwa kuwa upepo wa safari ndio uliokuwa ukifanya kazi yake. Maji yalikuwa kamili, wala hayakuvuja popote. Fundi akawasha injini na kiyoyozi. Feni ikazunguka kwa nguvu. Angeweza kuishia hapo na kusema kwamba feni ni nzima. Badala yake alichukua karatasi, akaisogeza mbele ya gari, penye matundu ya kuingizia hewa. Feni ya gari langu imefungwa nyuma ya rejeta, hivyo ilipaswa kuivuta karatasi. Karatasi ikapeperushwa nje.

Feni ilikuwa ikizunguka kinyume! Iliisukuma hewa ya moto ya injini kwenye rejeta iliyopaswa kupozwa, na gari lilipokwenda kasi upepo wa mbele uliishinda nguvu. Sababu ikajulikana: alipoiondoa feni ili aifikie kondensa ya kiyoyozi, soketi kuukuu ilivunjika, akaziunganisha nyaya mbili kwa mkono. Mota kama ile, nyaya zake zikibadilishana, hugeuza mzunguko.

"Nyaya ziligeuka," alisema.

Ikawa zamu yangu. "Ziligeuka zenyewe, fundi?"

Akafuta mikono, akatabasamu kidogo. "Nilizigeuza mimi, Mwalimu. Unisamehe." Akafunga soketi mpya bila malipo. Karatasi ikavutwa, ikanata.

Nami nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya simuni, maana yalitoka kabla ya ushahidi, hata kama ushahidi uliyathibitisha baadaye.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya Uganda, ya mwaka 2017, inamtaka mtoa huduma afanye kazi yake kwa uangalifu na ustadi. Kwa hiyo kurudi kwa fundi na kudai kazi irekebishwe ni haki ya raia, si ugomvi. Lakini haki hiyo ina wajibu wa pande mbili: anayelalamika asitumie kauli ya kutendwa bila ushahidi, na aliyekosea asijifiche nyuma ya kauli ya kutendeka.

Utakaposikia kwamba fedha za kisima cha kijiji "zimepotea", uliza kama zilipotea zenyewe. Na kabla hujasema "zimeibwa", tafuta kwanza karatasi yako.