Kutoka Moroto Hadi Kaabong: Usukani Usiotulia

Msafiri atokaye Moroto kwenda Kaabong, kupitia Kotido, huuacha Mlima Moroto wenye urefu wa mita 3,083 upande wake wa kuume, kisha huingia katika uwanda wa Karamoja ambamo macho hayapati kizuizi. Napak, volkeno iliyozimika zamani sana, hubaki nyuma. Mbele kuna migunga, maboma yaliyozungushiwa ua wa miti, makundi ya ng'ombe na wachungaji wao, na mito ya mchanga mtupu ambayo hufurika ghafula mvua inyeshapo milimani. Wakati wa mvua udongo mweusi hunata kama ulimbo. Wakati wa kiangazi taabu ni nyingine: changarawe hujikunja mfano wa bati la paa.

Mikunjo hiyo hufanywa na magurudumu yenyewe. Gurudumu likiruka, hutua na kuchimba. Linalofuata huruka papo hapo. Dereva mwenye haraka hugundua kwamba akiongeza mwendo mtetemo hupungua, kwa kuwa magurudumu hupita juu ya vilele tu. Raha hiyo ni ya udanganyifu, maana gurudumu lisilogusa ardhi sawasawa halitii usukani wala breki. Tena gari lenye ekseli nzima mbele, kama vile Land Rover Defender na Land Cruiser nyingi za doria, laweza kushikwa na kitetemeshi, magurudumu ya mbele yakiyumba kushoto na kulia huku usukani ukimpiga dereva mikononi. Hapo hapana budi kuushika imara na kupunguza mwendo taratibu mpaka gari litulie.

Mjini Kotido, katika nchi ya Wajie, tulimkuta askari mstaafu uani kwake, amelala chali chini ya Land Cruiser kuukuu. Gari lilikuwa limepandishwa juu ya vigingi vya chuma, na magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe. (Jeki peke yake si kitu cha kumwekea mtu maisha yake.) Kesho yake jamaa wote, pamoja na bibi na wajukuu, walikuwa waende arusini Kaabong. Alikuwa amenunua shokamzoba mpya ya usukani, ile ilalayo kwa ubavu, ncha moja imefungwa kwenye fremu au ekseli na ya pili kwenye fimbo ya usukani.

Kijana wake, konstebo, alitaka ifungwe upesi.

"Baba, jua linakuchwa. Tuifunge hii, mtetemo utakwisha."

"Utanyamaza, mwanangu, hautakwisha," alijibu mzee. "Lishushe gari chini, kisha ukatikise usukani."

Kijana akautikisa kidogo kidogo, na mzee akashika kiungo kimoja baada ya kingine kwa vidole. Kiungo cha kushoto cha tairodi kilicheza. Shokamzoba mpya ingeuficha ulegevu ule kwa muda, hata kiungo kikachomoka njiani na watoto wamo garini. Basi kijana akatumwa dukani, na mama mwenye nyumba, ambaye vyombo vyake vilikwisha fungwa, alikubali kwamba arusi ingewasubiri.

Kiungo kipya kilipatikana magharibi. Mzee alihesabu mizunguko alipokifungua cha zamani ili kipya kikae pale pale, magurudumu yasipotoke. Pini ya zamani ya shokamzoba ilikuwa imekwama. Hakuipiga kichwani, maana nyuzi zingeharibika, bali aliligonga jicho lililoishika ubavuni mpaka likaachia. Shokamzoba mpya aliivuta na kuisukuma mara kadhaa kwanza, ili mafuta yaenee ndani. Alikuwa amechagua ya mafuta matupu. Yenye gesi iliyoshindiliwa hutaka kujinyoosha daima, na huweza kulivuta gari upande mmoja.

Magurudumu yakielekea mbele sawasawa, aliifunga pistoni ikiwa katikati ya safari yake. Kisha kijana akazungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, baba akimulika kwa tochi. Pande zote mbili ilibaki nafasi, wala haikugusa springi. Hili lisiporukwa hata kidogo: shokamzoba ikifika ukomo kabla ya magurudumu, itapinda au itazuia usukani kwenye kona. Mwisho zikakazwa nati, zikatiwa pini mpya za kupasua.

Waliondoka alfajiri. Sisi tuliwafuata nyuma, mbali na vumbi lao, mpaka vilima vya Wadodoth vilipoonekana. Ng'ambo yake uko Mlima Morungole, makao ya Waik, na Bonde la Kidepo lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Tulipofika Kaabong mama na wajukuu walikwisha ingia penye ngoma. Mzee alikuwa bado chini ya gari na spana mkononi, akizikaza tena nati zile, kwa kuwa mpira mpya hushuka kidogo baada ya safari ya kwanza.