Tusione Haya Kuandaa Makande

Ndugu msomaji, ukiambiwa kwamba kuna watu wanaopanda ndege, wakavuka bahari, wakafika kisiwani Unguja na kulipa bei ya debe la mahindi ili wapate kula mahindi, huenda ukadhani ni mzaha. Mahali hapo mimi nimepafika, nikaketi na kula. Leo napenda tuzungumze juu ya sahani niliyoletewa, kwa sababu naona yatuhusu sisi wa mijini na watoto wetu zaidi ya inavyowahusu wageni wale.

Mgahawa wenyewe uko kaskazini mwa kisiwa, nao huuza vyakula vya Kimeksiko. Hauna makuu. Paa lake ni la makuti, sakafu yake mchanga, na wateja huingia pekupeku, wengine nguo zao zingali na maji ya chumvi. Kinachowavuta ni mandhari. Meza zote zimeelekezwa baharini, na jioni huonekana ngalawa zikirejea na jua likizama polepole, hata wazungumzaji hunyamaza kwa muda. Chakula huletwa saa hiyo. Kwenye sahani yangu palikuwa na mikate myembamba ya unga wa mahindi iitwayo tortila, maharage yaliyopondwa, kachumbari ya nyanya, vitunguu na pilipili, na parachichi lililopondwa kwa ndimu na chumvi. Ukiiondoa bahari, hapakuwa na kitu mezani pale ambacho mkulima wa Nyanda za Juu Kusini hakijui.

Wala si ajabu. Mahindi, ingawa jina lake kwa Kiswahili latufanya tuifikirie India, asili yake ni Meksiko. Wataalamu wanasema kwamba miaka ipatayo 9,000 iliyopita, wakulima wa bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, walianza kuteua mbegu za jani moja la porini liitwalo teosinti, kizazi baada ya kizazi, hadi likawa hindi tulijualo. Maharage, nyanya, pilipili na parachichi navyo vilitoka katika bara hilo la Amerika. Baada ya mwaka 1492 mazao hayo yalianza kuvuka bahari, na kwetu Wareno walikuwa miongoni mwa walioyafikisha pwani. Kutoka pwani yakapanda bara, yakaingia mashambani mwa babu zetu, yakapewa majina yetu na kupikwa katika vyungu vyetu. Kwa hiyo Mmeksiko na Mhehe ni ndugu wa chungu kimoja, ila hawajapata kuketi pamoja.

Majuma machache baada ya safari hiyo, kazi ilinipeleka Madibira, wilayani Mbarali, kuandika habari za mpunga. Msomaji asiyepajua, Madibira iko ukingoni mwa bonde la Usangu, na skimu yake ya umwagiliaji, yenye kiasi cha hekta 3,000, hupata maji kutoka Mto Ndembera. Mchana niliingia katika mgahawa mdogo kando ya barabara. Ubaoni paliandikwa wali nyama, wali maharage, ugali samaki. Lakini upande wa nyuma, chini ya mti, nilimwona mwenye mgahawa na watoto wake wakila makande kwa parachichi lililokatwa vipande.

"Shikamoo mama," nilimwambia. "Naomba na mimi unipakulie hayo makande."

"Marahaba mwanangu. Haya ni ya watoto. Mgeni katoka Dar es Salaam, nimpe makande? Watu watanisemaje?"

Nilimsihi, akakubali kwa shingo upande, tena akaomba radhi mara mbili wakati akipakua. Nilikula kibarazani. Mbele yangu majaruba ya mpunga yalienea kijani kibichi, yangeyange wakitembea katikati yake, na mbali kabisa vilima vilikuwa vya samawati. Nikamsimulia habari za ule mgahawa wa Unguja na bei yake. Alicheka hata akajifuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Basi hao wanalipia kutazama maji," akasema. "Maji hata hapa tunayo." Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Lakini mwanangu, nikiandika makande pale ubaoni, nani ataingia?"

Ndugu msomaji, swali hilo sikuweza kulijibu pale, na ndilo ninalokuletea wewe. Mama yule hakuwa na haya kwa sababu chakula chake kilikuwa kibaya. Makande yale yalikuwa yameiva vizuri, yana karanga na kitunguu, na tumbo lilishukuru. Haya zake tumempa sisi. Sisi ndio tunaofika kijijini na kuuliza kama kuna chipsi. Sisi ndio tunaoficha sufuria ya makande mgeni anapobisha hodi, tukamtuma mtoto dukani mbio akanunue mchele. Na mtoto anayetumwa hujifunza bila kufundishwa kwamba chakula kinachomkuza ni kitu cha kufichwa.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1972, mjini Iringa, TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakakusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili lishe. Tulihimizwa kulima na tukahimizwa kula vizuri. Mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikategemewa kulisha miji kwa mahindi. Kazi iliyobaki, ya kukiheshimu kile tulichokilima, haiwezi kufanywa kwa tamko. Hufanywa mezani, nyumbani kwa kila mmoja.

Wenzetu wa Meksiko walitutangulia katika hilo. Kwa karne nyingi wamekuwa wakichemsha mahindi katika maji yenye chokaa au majivu, wakayaacha yalale, kisha wakayaosha na kuyasaga. Njia hiyo huifungua vitamini iitwayo niasini, ambayo katika mahindi ya kawaida mwili hauwezi kuipata kwa urahisi. Hindi liliposafiri kwenda nchi nyingine, maarifa hayo yalibaki nyuma. Ndiyo maana maskini wa Italia, na baadaye wa kusini mwa Marekani, waliokula mahindi karibu matupu, waliugua pelagra, ugonjwa wa kuchubuka ngozi, kuharisha na kuchanganyikiwa. Sikwambii utie jikoni chokaa ya kupaka ukuta. Bibi zetu walikuwa na njia yao: mahindi hayakuachwa peke yake, yalitiwa maharage na karanga, na mboga za majani kando. Ndiyo hayo makande tunayoyaonea haya. Nao Wameksiko, kwa kuyashikilia mapishi yao, mwaka 2010 waliyaona yakiingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu.

Pengine utasema kwamba mgeni wa Unguja halipii mahindi bali upepo na jua la jioni. Ni kweli, na simlaumu, kwani fedha yake inawapa kazi vijana wetu. Lakini mandhari si mali ya wenye fedha pekee. Pale Forodhani, katika Mji Mkongwe, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa, utazikuta familia za Unguja jioni, baba, mama na watoto, wakinunua urojo na mishikaki, wakiketi kutazama bahari hiyo hiyo. Chakula chao ni chao, wala hawamfichi mtu.

Basi Jumapili moja, badala ya kutafuta fedha ya kuku wa kukaanga, loweka mahindi na maharage tangu usiku. Pika bila haraka. Kata nyanya, vitunguu na pilipili, na kama msimu wa parachichi umefika, nunua mawili yaliyoiva. Tandika mkeka uani au chini ya mwembe, kisha mwite jirani, hasa yule unayemstahi. Watoto wakiuliza kuna sherehe gani, waambie mna mgeni. Na siku ukipita Madibira, au popote penye kibao kama kile kando ya barabara, uliza kama yapo makande kabla hujauliza chipsi. Mama yule anangoja kuona nani ataingia.