Hasidi, Mwivu na Mtoto wa Bara: Msamiati Mgumu katika *Adili na Nduguze*

Swali ambalo sisi walimu wa fasihi ya Kiswahili hatujalimaliza ni hili: je, mtoto ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza apewe kitabu chenye maneno mazito, au apewe kilichochujwa hadi pasibaki neno la kumkwaza? Mazoea ya shule zetu huelekea upande wa pili. Hadithi hufupishwa, maneno hubadilishwa, na yale yanayosalia huwekewa sherehe mwishoni mwa kitabu. Insha hii inatetea upande wa kwanza. Inautetea kwa kitabu kimoja, *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichochapishwa na Macmillan mwaka 1952, na kwa tajriba ya kukisoma kitabu hicho Elburgon mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Ninalodai ni kwamba maana ya neno gumu humkaa mtoto pale anapoliona neno likitenda, na kwamba riwaya ya ajabu hulipa neno nafasi kubwa ya kutenda.

Elburgon ni mji mdogo wa nyanda za juu, kati ya Njoro na Molo, pembezoni mwa msitu wa Mau. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 hupita hapo, na viwanda vya mbao ndivyo vilivyoukuza mji. Watu waliifuata kazi: Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya, Wajaluo, nao Waogiek wa msituni walikuwako kabla ya reli. Kiswahili kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili cha kazi. Kwacho watu walipima mbao, walihesabu magunia ya viazi na pareto, na waliulizana habari za treni. Kilikuwa na neno la msumeno, la maranda na la mshahara. Lakini mtu alipotaka kusema jambo la dhamira yake, kumlaumu nduguye au kumsamehe, alirudi kwa lugha ya mamaye. Hivyo basi sisi watoto tulikipokea Kiswahili kikiwa kipana kwa vitu na chembamba kwa tabia.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi. Huko nyuma lugha hiyo ilikuwa ya sokoni na stesheni. Sasa ikawa pia ya karatasi ya mtihani. Kipindi cha ufahamu kilianza kwa orodha ubaoni, yenye kichwa cha habari kisichobadilika: msamiati mgumu. Tuliandika kwamba hasidi ni mtu mwenye husuda, na chini yake kwamba husuda ni tabia ya hasidi. Tulizunguka duara hilo tukarudi tulikoanzia, na bado tuliweza kupata alama zote. Orodha nyingine zilitoka katika maandishi ya pwani: foromali, demani, ngama. Tulizikariri kama tulivyokariri miji mikuu ya nchi tusizozijua. Ugumu wa maneno hayo haukuwa katika maneno yenyewe. Mtoto wa Lamu alikuwa ameona jahazi kabla ya kusoma habari zake. Sisi tulilisoma jahazi, na tulipoinua macho tuliona ukungu na misonobari. Darasa moja, mtihani mmoja, lakini mwendo wa kulifikia neno haukuwa sawa.

Hapa ndipo riwaya ya ajabu inapoleta tofauti. *Adili na Nduguze* hakikuandikwa kwa watoto peke yao, lakini kwa miongo mingi kimeishi mikononi mwa wanafunzi wa Afrika Mashariki. Wahakiki wameonyesha ukaribu wake na kisa cha Abdallah bin Fadhil na nduguze katika *Alfu Lela Ulela*. Adili, mtawala wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu, hujulikana kuwa mtu mwema. Hata hivyo kila usiku huwapiga mijeledi manyani wawili huku akilia. Mfalme anapotaka kujua sababu, tunaelezwa kwamba manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, ambao aliwatendea wema nao wakamtosa baharini, na kwamba Huria, jini aliyemwokoa, ndiye aliyewageuza na kumwamuru awaadhibu. Ndani ya kisa mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Mambo hayo hayapo Lamu wala hayapo Elburgon. Msomaji wa pwani na msomaji wa bara hufika Ughaibu siku moja, wote wageni, wote wakihitaji kila neno ili waone mahali walipo. Bahari imo, ni kweli. Lakini bahari inayompeleka mtu kwenye mji wa mawe haimtaki msomaji awe amepanda jahazi.

Tuangalie sasa majina mawili ya ndugu hao, kwa maana ndiyo yaliyonifunza jinsi neno linavyoingia akilini. Hasidi ni neno lenye asili ya Kiarabu. Mwivu limejengwa kwa kiambishi cha ngeli ya watu juu ya mzizi wa Kibantu. Nyumbani kwetu tulisema Kikuyu, na kwa Kikuyu wivu huitwa *ũiru*. Kwa hiyo Mwivu alikuwa jirani yangu tangu ukurasa wa kwanza aliotokea. Hasidi alikuwa mgeni. Lakini walikuwa wakitembea pamoja: walifilisika pamoja, walipokewa na Adili pamoja, walikula njama pamoja, walipigwa pamoja. Kila nilipomwona niliyemjua, nilimwona kandoye nisiyemjua akifanya lile lile. Kabla ya kufika mwisho wa kitabu nilikuwa nimelijua neno hasidi bila kulifungulia kamusi. Huu, kwa hakika, ni ufundi wa Shaaban Robert katika sentensi zake pia. Nathari yake hupenda kuambatanisha maneno mawili yanayokaribiana, moja la kawaida na moja zito, na lile la kawaida likawa ngazi ya kulipanda la pili. Aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, katika ukoo wenye asili ya Kiyao, yumkini alijua kwamba si wasomaji wake wote wangekuja na Kiswahili kile kile.

Aidha, mtoto hakomi hapo. Huuliza: ikiwa maana ni moja, kwa nini ndugu wawe wawili? Swali hilo nililisikia likijadiliwa na wanafunzi wenzangu chini ya mti, bila mwalimu. Mmoja alisema mwivu anataka alicho nacho mwenziwe. Hasidi anatosheka mwenziwe akikipoteza, hata kama yeye hapati kitu. Sijui alilitoa wapi wazo hilo, maana kitabu hakiwatenganishi ndugu hao waziwazi; kimewatenga kwa jina na kuwaunganisha kwa tendo. Lakini pengo kati ya majina na matendo ndilo lililotulazimu kufikiri. Orodha ya ubaoni ingetupa visawe viwili na kuishia hapo.

Majina mengine yalifanya kazi yake kwa muda mrefu zaidi. Adili alikuja na jamaa yake yote: maadili, uadilifu, mwadilifu, kuadilisha. Anayemjua mhusika hapati taabu kuujua ukoo. Neno *nduguze* lenyewe, pale juu ya jalada, lilitufunza kwamba kimilikishi cha Kiswahili huweza kufupishwa na kushikamana na nomino, kama katika mkewe na mwanawe. Sarufi iliingia kwa mlango wa kichwa cha kitabu. Huria nilimjua kuwa jini kabla ya kujua kwamba jina lake ni neno la watu wote. Katika miaka hiyo ya 1990 redio ilianza kusema juu ya soko huria, na wakulima wa mahindi walilitamka neno hilo kwa mashaka. Mimi nilikuwa na picha tayari: nguvu isiyofungwa, inayoweza kukuokoa na inayoweza kukuadhibu. Sidhani kwamba wanauchumi wangeikataa. Na Janibu, neno linalomaanisha upande au mahali pa kando, lilitupa njia ya kujitaja. Sisi nasi tulikuwa watu wa janibu ya Kiswahili. Hata hivyo katika kitabu hiki janibu ndiko anakokaa mwenye uadilifu.

Mambo haya yangebaki kuwa ya darasani tu, kama si mwaka 1992. Mwaka huo mapigano ya kikabila yalifika eneo la Molo. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, familia zilihamia viwanja vya makanisa na kandokando ya barabara, na madawati yalibaki wazi. Kama ilivyokuja kuonekana tena mwaka 1997 na katika mwaka 2007 na 2008, vita katika Bonde la Ufa vilikuwa na msamiati wake, nao haukuwa mgumu hata kidogo. Jirani aliitwa doa, na wengi wakawa madoadoa. Aliitwa gugu la kung'olewa, aliitwa mgeni. Hayo ni maneno mepesi, yanayojulikana na kila mtoto wa darasa la pili, na hayahitaji sherehe. Wepesi wake ndio uliokuwa hatari yake: yalipita mdomoni bila kuzuiwa na fikira.

Tuyaweke maneno hayo kando ya kitabu. Doa humgeuza mtu kuwa kitu, na hapo kisa huisha. Doa halina la kufanywa ila kufutwa. Katika *Adili na Nduguze* watu hugeuzwa manyani, tena kwa makosa waliyoyatenda kweli, lakini kichwa cha kitabu hakikubali kuwaita manyani. Huwaita nduguze. Anayewapiga analia. Na hatimaye hurejeshewa umbo la binadamu. Tulipokuwa tukisoma, darasa letu lilikuwa na watoto wa pande zote mbili za mapigano. Sithubutu kudai kwamba riwaya ilimwokoa yeyote. Ninalodai ni dogo zaidi: ilitupa neno la kumhukumia mtu kwa tendo lake, wakati maneno yaliyotuzunguka yalimhukumu kwa kuzaliwa kwake. Hasidi ni hasidi kwa alilolifanya, na anaweza kutoka nyumbani kwako wewe. Mtoto mwenye mzuri na mbaya tu hawezi kusema hivyo.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inasemwa kwamba msamiati wa Shaaban Robert ni ukuta, na kwamba mtoto wa bara huugonga akaanguka. Hapana budi tutofautishe neno gumu linaloandamana na tendo kutoka sura hadi sura na neno gumu linalopita mara moja. La pili linaweza kurukwa bila hasara. La kwanza ndilo kitabu chenyewe. Pia ugumu si wa aina moja katika fantasia zote. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilichapisha *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865, na mwaka 2015 ikatoka tafsiri nyingine, ya Ida Hadjivayanis, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*. Huko neno gumu ni mchezo: sauti moja yenye maana mbili, mashairi yanayopotoshwa kwa makusudi, na mtafsiri hana budi kubuni mchezo mpya kwa Kiswahili. Mtoto hufunzwa kwamba neno haliaminiki. Kwa Shaaban Robert mtoto hufunzwa kwamba neno lina wajibu. Masomo yote mawili yanafaa, lakini mwalimu ajue analotoa ni lipi.

Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 unasema juu ya maadili kila mahali. Neno lenyewe limekuwa kichwa cha habari katika vitabu vya kiada, na orodha imehama ubaoni ikaingia kitabuni. Sisi tunaowafundisha walimu wa kesho tunaweza kuanza na jambo dogo. Hadithi isomwe kwanza, yote, kwa sauti, na msamiati uulizwe baadaye. Wala asiulizwe mtoto maana ya hasidi kabla hajamwona Hasidi akipokewa mara baada ya kufilisika, akila kwenye meza ya nduguye, kisha akimsukuma baharini.