Pete na Kidole



Kila mwaka, katika mafundisho ya ndoa parokiani, hufika jioni moja ambapo mimi na mama watoto hukaa mbele ya wachumba na kuwasimulia jambo ambalo kwa muda mrefu hatukulisema hata kwa ndugu zetu. Mwaka huu mmoja wenu aliniomba niliandike. Naliandika kwa idhini ya mama, kwa sababu uso ni wake, ingawa kosa ni langu.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimehitimu ualimu, kalamu mbili mfukoni, na nilijivunia sana Kifaransa changu. Tulikuwa na miezi michache tu katika ndoa. Siku ya mshahara nilipita soko la Kadutu, nikanunua tyubu ya mafuta ya kung'arisha ngozi. Yeye hakuniomba. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia, kwa maneno matamu, kwamba rangi yake ingependeza zaidi kama ingekuwa nyeupe kidogo. Basi akakubali kujipaka, kwa maana mke mpya husikia hata lile ambalo mumewe hakulimaliza kulisema.

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maagizo, nami nikamsomea. Kulikuwa na onyo kwamba mafuta yasigusane na dhahabu, fedha wala alumini. Nikalitafsiri kwa sauti ile ya darasani: «Vua pete kwanza.» Akaivua, akaiweka juu ya kabati, akajipaka uso, shingo na mikono, kisha akanawa viganja na kuivaa tena. Tulifanya hivyo kila jioni kwa karibu miaka miwili. Pete tuliilinda, kidole tulikipaka.

Nasi watu wa Kivu tulikuwa na kila sababu ya kujua. Wachimbaji wa Kamituga huitumia zebaki kuikamata dhahabu: huitia katika mchanga uliooshwa, nayo hushikamana na chembe za dhahabu, kisha huichoma ili zebaki itoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Mtoto yeyote aliyekulia karibu na machimbo ameyaona hayo. Onyo lile lilikuwa likiniambia, kwa lugha ileile niliyojivunia, kwamba ndani ya tyubu huenda mlikuwa na kitu kinachoila dhahabu. Nilisoma maneno yote, nikaelewa yale yaliyohusu pete tu.

Mama akaanza kuvimba miguu, halafu kope za macho kila asubuhi. Tukasema ni chumvi. Tukasema ni uchovu. Daktari aliyempokea alipima mkojo, akakuta protini nyingi, akauliza swali ambalo sikulitarajia: «Mama, unajipaka nini?» Mama hakumjibu. Alinitazama mimi.

Hapakuwa na kipimo cha zebaki mahali pale. Daktari alizisoma dalili tu, akaagiza mafuta yaachwe siku hiyohiyo. Uvimbe ulipungua polepole, mwezi baada ya mwezi, na figo zikarudia kazi yake. Lakini mashavuni yalibaki mabaka meusi yenye kuelekea rangi ya samawati, nayo yapo hadi leo. Baadaye nilijifunza kwamba mabaka ya namna hiyo huletwa na hidrokinoni inayotumiwa kwa muda mrefu, na kwamba ni vigumu sana kuyaondoa. Afrika Kusini iliikataza hidrokinoni katika vipodozi mwaka 1990, kabla mimi sijaoa.

Zebaki huizuia ngozi kutengeneza melanini, yaani ile rangi inayotukinga na jua. Lakini haikomei kwenye ngozi. Hupenya hadi damuni, huzidhuru figo na neva, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Hubaki hata katika taulo na mashuka, hivyo mtoto mchanga ambaye hakupakwa chochote huweza kuipata kwa kulala karibu na mamaye. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaoitwa kwa jina la mji wa Japani ambako watu walipewa sumu na zebaki iliyokuwa katika samaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini vipodozi vyenye zebaki inayozidi miligramu 1 kwa kilo. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuiondoa hata ruhusa hiyo ndogo. Meza ya sokoni, hata hivyo, haijausoma mkataba.

Tena siku hizi kuna lililo baya zaidi: mchanganyiko unaouzwa katika vikopo visivyo na jina. Nimeona kwa macho yangu tyubu mbili tatu zikikamuliwa katika beseni, shampuu ikaongezwa, na javeli juu yake, javeli ileile tunayofulia mashati meupe. (Na kwa kuwa nimeitaja: msiimimine chooni pamoja na asidi ya kusafishia. Hutoa gesi ya klorini. Jumamosi moja niliwaagiza wanafunzi wangu wafanye hivyo, nikidhani mbili zitasafisha kuliko moja, na sote tulitoka mbio tukikohoa.)

Geuzeni boksi kabla ya kulipa. Mkiona mercure, calomel, mercurio au Hg, rudisheni. Mkiona hydroquinone, rudisheni. Clobétasol ni dawa ya magonjwa ya ngozi, ambayo daktari huitoa kwa muda mfupi. Ikipakwa kila siku kwa miezi, ngozi huwa nyembamba na vidonda huchelewa kupona. Pasipoandikwa chochote, rudisheni pia, hata sabuni. Na aliyekwisha kuizoea asijifiche kwa aibu: amwendee muuguzi au daktari, maana ngozi iliyozoea clobétasol huweza kuwaka na kuvimba inapoachishwa ghafla. Tyubu inayoshukiwa kuwa na zebaki isichomwe moto. Mmeshasikia habari za mvuke.

Ninajua kwamba katika mikutano yenu wasichana ndio wanaokemewa kwa jambo hili. Sikubaliani. Kijana mmoja aliniuliza, mchumba wake akiwa pembeni, kama ni dhambi kumpenda msichana mweupe. Nilimjibu kwamba hakuna dhambi katika kumpenda mtu na rangi aliyonayo, kisha nikamwuliza ni lini alipomsifu huyu aliyekaa karibu naye kwa rangi yake. Alicheka. Msichana hakucheka.

Jioni ile ya mafundisho, ninapomaliza kusema, mama huivua pete na kuiweka mezani. Bado inang'aa kama siku ya Misa ya ndoa yetu. Kisha hunyoosha mkono chini ya taa, na wachumba huja mmoja mmoja kuvitazama viungo vya vidole vyake.