Nyama Hatuli, Lakini Mbuzi Tunayo

Msomaji mpendwa, kama hujawahi kufika Liwatoni, karibu sana, ila uje na pua iliyozoea. Huku upande wa Kilindini, kisiwani Mombasa, ndiko wavuvi hutia nanga, na upepo wa bahari hauna adabu: humpelekea kila mtu harufu ya samaki, awe ameiagiza au hakuiagiza. Katika mtaa huu ndipo tunapoishi sisi, Wahindi wa Kigujarati tusiokula samaki, nyama wala yai. Wageni hutuuliza kwa nini hatuhami. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima humwita Ba, yaani mama, huwajibu: "Samaki hajaniingia kinywani, amenipitia puani tu. Hiyo si dhambi."

Ba alishuka bandarini mwaka 1959, bibi-arusi mbichi, kwa meli ya Karanja iliyokuwa ikisafiri baina ya Bombay na Mombasa. Alikuja na sanduku la nguo, kopo la viungo na kibao cha kusukumia chapati. Chombo cha nne alikikuta huku huku: mbuzi. Usishtuke, msomaji wa bara. Mbuzi ya Pwani haili majani wala hailii usiku; ni kigoda chenye ulimi wa chuma, nacho hukuniwa nazi. Siku moja kijana mgeni kutoka bara alimsikia Ba akipaza sauti, "Nileteeni mbuzi, mchana unaingia!" Maskini, akaanza kutazama mlangoni, huku akijiuliza ni Wahindi gani hawa wanaochinja sebuleni.

Watu wengi hudhani Wahindi sote tuliletwa na reli. Ni kweli kwamba ilipojengwa, kuanzia 1896 hadi 1901, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na wengi wao wakarudi makwao kazi ilipokwisha. Lakini Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi wamekwisha kumtangulia. Karne zote hizo tumekuwa tukiazimana vitu kama majirani wa ukuta mmoja, na hakuna aliyewahi kurudisha. Kiswahili kilichukua pesa, laki, bima, gari, chapati na kachumbari. Sisi nasi tukachukua sufuria, kisu na fagio, na muhogo tukaufupisha ukawa "mogo".

Mume wangu aligundua deni hilo alipokwenda Gujarat kuwaona jamaa. Alimwaga chai sakafuni, akamwomba shangazi yake fagio. Shangazi akamtazama. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi: fagio! Yule mama akaenda jikoni, akarudi na sahani ya vitu vitamu, akitumaini kwamba kimojawapo ndicho hicho. Miaka arubaini mwenzangu alikuwa akiamini kwamba fagio ni Kigujarati safi cha mababu!

Basi Julai 2017 serikali ya Kenya ilipotutambua kuwa kabila la 44, jirani yangu Mswahili alinisimamisha ngazini. "Shoga, hongera. Sasa tuambie, chakula cha kabila lenu ni kipi?" Swali hilo lilituharibia chajio. Mume wangu alisema ni dengu. Shemeji akasema ni bajia. Ba aliwaacha wabishane mpaka wakachoka, kisha akasema, "Mahindi paka." Tukacheka. Mahindi yalitoka bara la Amerika, nazi ni ya Pwani hii, ni haradali tu iliyotoka India. "Basi," akasema Ba, "mnataka kabila gani jingine?"

Lakini leo sikukuitia kabila, nimekuitia sufuria. Binti yangu anaishi Leicester, Uingereza. Juzi alipiga simu: "Mama, nataka mahindi paka ya Ba. Nipe vipimo." Vipimo! Nilikwenda kumwuliza mwenyewe. Akasema chumvi kiasi, nazi ya kutosha, na moto mpaka iseme. Iseme nini, Ba? "Iseme basi."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Ba amepita miaka 80. Siku hizi hupikia kitini, na mkono wake hutetemeka anaponyunyiza viungo. Hakuna daftari mahali popote. Chakula tulichokula miaka yote hii kimo ndani ya mkono huo tu, nao unazeeka.

Kwa hiyo nilishika kikombe na kijiko, nikasimama kando yake. Kila alipochota, nilikinga kabla hakijafika sufuriani, nikapima, nikaandika. "Wewe ni mkwe au polisi wa barabarani?" akauliza. Siku tatu tulipika chakula kile kile, na haya ndiyo niliyopata.

Chukua mahindi mabichi manne, kata kila moja vipande vitatu, uyachemshe kwa chumvi mpaka yaive. Kuna nazi mbili. Kamua tui zito kikombe kimoja, kisha tui jepesi vikombe viwili. Tia mafuta vijiko vitatu vikubwa, yakipata moto tia kijiko kidogo cha haradali, usubiri ipasuke. Ongeza nyanya tatu zilizosagwa, tangawizi iliyopondwa kijiko kimoja, pilipili mbichi mbili na nusu kijiko kidogo cha manjano. Nyanya zikiachana na mafuta, mimina tui jepesi na nusu kikombe cha njugu zilizokaangwa na kusagwa. Tia mahindi, yachemke dakika kumi. Tui zito huja mwisho, kwa moto mdogo. Usifunike wala usiache kukoroga, tui lisije likakatika. Malizia kwa ndimu na dania. Mahindi haya huliwa kwa mkono, na rojo hufyonzwa. Atakayeomba uma mpe, lakini usimngojee.

Binti yangu alifuata kila mstari. Akapiga simu amenuna: si yale. Mahindi ya huko ni matamu kama sukari, nazi ni ya mkebe. Ba akaninyang'anya simu. "Isogeze karibu na sufuria," akamwamuru, kisha akasikiliza, macho ameyafumba. Sisi wengine hatukusikia kitu. "Moto mkubwa," akasema. "Punguza. Na ndimu ongeza, ivunje huo utamu." Nusu saa baadaye ulikuja ujumbe: sahani tupu, imepigwa picha.

Sikio hilo sikuweza kulipima kwa kijiko, msomaji. Nimeliandika hivyo hivyo daftarini, kwamba moto ukiwa mkubwa husikika, na sasa kila jioni nami nainamisha kichwa jikoni nikijifunza kusikiliza, huku Ba akinisahihisha kutoka kitini.

Bila shaka nawe una Ba wako, awe ni nyanya, bibi au shangazi, na kuna chakula ambacho hukiweza ila yeye. Jumapili hii usiende kula tu. Nenda na kikombe, kijiko na kalamu. Atakulalamikia kwamba unamsumbua. Mvumilie, na uandike.